Gari la turbo lenye kilomita nyingi: lirudishie nguvu zake kwanza, ndipo uongeze

Gari la turbo likishapita kilomita 150,000 huwa halifi ghafla. Hupungua. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya nne sasa unadai ya tatu, turbo inachelewa kuamka, mafuta yanakwisha upesi, na mwenye gari anaanza kuulizia turbo kubwa, eksozi pana na programu za kuongeza nguvu. Mara nyingi nguvu anazozitafuta alishazinunua pamoja na gari. Zimepotelea kwenye mpira uliopasuka, plagi zilizolika, sensa iliyojaa vumbi na vichujio vilivyosahauliwa. Kuzirudisha ni nafuu kuliko kununua mpya, na bila kuzirudisha huwezi kujua kama injini ina afya ya kubeba zaidi.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi: kupima, kutunza, kuziba panapovuja, kisha kuongeza. Nazungumzia zaidi injini za petroli. Za dizeli nimezitengea sehemu yake kwa sababu baadhi ya maradhi yake ni mengine.

Turbo yenyewe si fumbo. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda unazungusha feni moja. Feni hiyo imeungwa kwa shafti na feni ya pili, na hiyo ya pili inabana hewa na kuisukumia injini. Shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo ndogo hufika hata 200,000. Katika turbo nyingi shafti haigusi chuma ikiwa kazini: inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Upande mmoja moshi wa petroli unaweza kufika nyuzijoto 900, upande wa pili kuna hewa ya kawaida, na katikati inapita oili ile ile inayolainisha injini nzima. Ndiyo maana mambo mengi hapa chini yanarudi kwenye oili na joto.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Usinunue kipuri chochote kabla ya kupima.

Anza na kompyuta ya gari. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD2, kwa kawaida chini ya usukani. Kifaa kidogo cha kuchomeka hapo pamoja na programu ya simu kinatosha kusoma misimbo ya hitilafu. P0299 maana yake presha ya turbo haifiki kiwango kinachotakiwa; P0234, imepitiliza; P0171, hewa ni nyingi kuliko mafuta; P0300, silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio. Iandike yote kabla ya kufuta chochote. Na usisome msimbo kama orodha ya manunuzi: P0299 haisemi "nunua turbo". Inaweza kusababishwa na klampu moja iliyolegea.

Ukiwa hapo, tazama pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, yale yanayoonyeshwa kwa asilimia. Yakiwa ndani ya 5 juu au chini, vizuri. Yakipita 10 juu injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa), kisha yakashuka unapopandisha mizunguko, kuna hewa inaingia mahali isikopimwa. Yakiwa mazuri kwenye sailensa lakini yakapanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu ya mafuta au kichujio chake.

Pili, kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, betri iwe imejaa, na msaidizi akanyage pedali ya mafuta hadi chini wakati wa kupiga starta. Injini za turbo nyingi zimetengenezwa na uwiano mdogo wa kubana kuliko zisizo na turbo, kwa hiyo usishtuke ukiona namba ndogo kuliko za gari la jirani. Angalia usawa. Silinda ya chini kabisa ikipungukiwa na ya juu kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna tatizo. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena: ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Gari lenye silinda moja dhaifu litunze liendelee kukusaidia, ila ndoto za kuongeza presha ziweke kando mpaka injini ifunguliwe.

Tatu, mkanda wa taiming. Kama gari linatumia mkanda na huna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba muda wake umekwisha. Watengenezaji wengi wanautaka ubadilishwe karibu na kilomita 100,000 au baada ya miaka kadhaa hata kama gari lilikuwa limelala. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Badilisha pamoja na tenshena (kikaza mkanda) na pampu ya maji, maana gharama kubwa ni ya kufungua, na itakuwa ileile ukifungua mara ya pili kwa ajili ya pampu peke yake.

Hatua ya 2: Oili, oili, na tena oili

Turbo nyingi zinazoitwa "zimekufa" ziliuawa, na muuaji ni oili: chache, chafu, au iliyochelewa kufika.

Tumia oili ya sintetiki yenye unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na yenye kiwango kilichotajwa humo. Unene peke yake hautoshi. Oili mbili za 5W-30 zinaweza kuwa tofauti kabisa. Kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, tafuta maandishi API SP kwenye kopo. Kiwango hicho cha mwaka 2020 kinapima pia uwezo wa oili kuzuia petroli kuwaka kabla ya wakati katika mizunguko ya chini, jambo ambalo limevunja pistoni za injini ndogo nyingi za turbo.

Kuhusu muda wa kubadilisha, vitabu vingine vinaruhusu kilomita 15,000 au zaidi. Namba hizo humfaa mnunuzi wa kwanza anayeuza gari baada ya miaka mitatu. Wewe unayelimiliki likiwa limechoka, badilisha kila kilomita 5,000 hadi 8,000, na kichujio kila mara. Hii ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote kwenye gari la namna hii.

Hujui historia ya gari? Usikimbilie dawa kali za kusafisha injini. Utope ukibanduka kwa mkupuo unaziba chujio la pampu ya oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, au bomba jembamba linalolisha turbo. Badala yake tia oili nzuri, endesha kilomita 1,500 hadi 2,000, mwaga, rudia mara moja au mbili. Oili yenyewe itasafisha polepole. Na kichujio cha zamani usikitupe hivi hivi: kikate, vuta karatasi yake, ikunjue kwenye mwanga wa jua. Weusi si neno. Vipande vinavyong'aa kama vumbi la dhahabu au shaba ni beringi zinazolika, na hapo kazi ya kuongeza nguvu imeahirishwa.

Kuna pia kitu kidogo ambacho mafundi wengi hawakigusi: kwenye baadhi ya injini, zikiwemo Subaru kadhaa, boliti linaloshika bomba la oili ya turbo lina wavu mdogo ndani. Wavu huo ukijaa masizi, turbo inakaa na njaa ya oili huku geji ya presha ya injini ikisema mambo ni mazuri. Litoe, lisafishe au badilisha, weka pete (washa) mpya za shaba.

Usitie oili nzito ili kuficha moshi. Asubuhi oili nzito inachelewa kufika kwenye turbo, na sekunde hizo za kwanza ndizo zinazokwangua beringi. Kagua stiki ya kupimia oili kila wiki. Baadhi ya watengenezaji husema lita moja kwa kilomita 1,000 ni matumizi yanayokubalika. Mimi naanza kutafuta sababu mapema zaidi ya hapo.

Uendeshaji nao ni sehemu ya utunzaji. Mshale wa joto la maji hufika katikati kabla oili haijapata moto, kwa hiyo ongeza dakika kumi za kwenda taratibu kabla ya kukanyaga. Mwisho wa safari ndefu ya kasi au mlima mrefu, endesha kilomita za mwisho kwa upole, au liache gari lingurume dakika moja hivi kabla ya kuzima. Ukizima turbo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa mkaa mgumu, na mkaa huo ndio unaoziba mabomba niliyoyataja. Jambo la tatu halisemwi sana: usikanyage hadi mwisho kwenye gia ya juu huku injini ikiwa na mizunguko 1,500 kwa dakika. Shusha gia.

Hatua ya 3: Ishike turbo kwa mkono

Injini ikiwa baridi, fungua mpira unaoleta hewa kutoka kwenye kichujio hadi kwenye turbo. Utaona feni ya alumini na nati katikati. Ishike nati kwa vidole viwili na uizungushe: iende laini bila kukwaruza. Sasa isukume juu na chini. Kucheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa oili haipo ya kuijaza nafasi. Kisha ivute kuja kwako na isukume ndani. Mwendo huo wa mbele na nyuma usisikike kabisa. Ukiusikia wazi, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha. Mwisho, tazama kuta za nyumba ya feni kwa tochi: alama ya duara inayong'aa ina maana feni imeanza kugusa, na ncha za mapanga zilizoliwa zina maana gari liliwahi kutembea na kichujio kibovu au bila kichujio kabisa.

Utando wa oili kwenye mpira si hukumu. Mivuke ya injini inapitia humo, na kila gari la turbo lenye umri lina unyevu huo. Dimbwi la oili chini ya intakula, ile inayopoza hewa iliyobanwa na turbo, ni habari nyingine.

Hata hapo, subiri kabla ya kuilaumu turbo. Oili inayoingia kwenye turbo inarudi kwenye sampu kwa kuteremka tu. Hakuna pampu ya kuivuta katika mpangilio wa kawaida. Bomba la kurudishia likibanwa na mkaa, au presha ndani ya injini ikiwa kubwa, oili haipati pa kushukia, inapita pembeni ya sili na kwenda kwenye hewa au kwenye eksozi. Chanzo cha presha hiyo mara nyingi ni valvu ya PCV (inayotoa mivuke ndani ya injini) iliyoziba, kipuri cha bei ya chini kinachobadilishwa kwa dakika chache. Watu wamefunga turbo mpya, moshi ukabaki uleule, wakafunga ya pili. Jaribio rahisi: injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kutilia oili. Kikirushwa na upepo au kikitetemeka kwa nguvu, shughulika na njia ya kupumulia ya injini kwanza. Ikiwa valvu ni mpya na upepo bado unatoka, rudi kwenye vipimo vya kompresheni.

Rangi ya moshi inasaidia. Wa bluu unaotoka ukikanyaga baada ya gari kunguruma muda mrefu limesimama ni wa sili za valvu au za turbo. Wa bluu usiokoma kila unapokanyaga ni wa ringi. Mweusi ni mafuta yamezidi hewa. Mweupe mzito wenye harufu tamu, huku kulanti (maji ya kupoza injini) ikipungua, unaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi.

Turbo ikithibitika imekwisha, mara nyingi huhitaji kununua nzima. Kuna kiini cha kati, kile chenye shafti, feni na beringi, kinachouzwa kikiwa kimesawazishwa tayari. Nyumba zako za zamani zinabaki kama hazijapasuka. Kagua nyumba ya upande wa eksozi hasa kwenye tundu la westigeti (kilango kinachopitisha moshi pembeni ya feni ili presha isizidi), pale nyufa zinapopenda kuanzia. Turbo iliyotolewa kwenye gari lingine bila historia siipendekezi, maana unanunua oili ya mtu usiyemjua.

Wakati wa kufunga, haya usiyaruke: oili mpya na kichujio kipya, bomba jipya la kulisha oili, bomba la kurudishia lisafishwe mpaka uone mwanga upande wa pili, intakula ioshwe na kukaushwa, kwa sababu vipande vya feni ya zamani vinaweza kuwa vimelala humo. Gasketi za oili zifungwe kavu, bila silikoni, kwani uzi mmoja wa silikoni ukibanduka unatosha kuziba njia. Mimina oili safi kwenye tundu la kulishia huku ukizungusha feni kwa kidole. Kata umeme wa plagi na mafuta, piga starta mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe na uliache lingurume dakika kadhaa bila kukanyaga.

Hatua ya 4: Tafuta upepo unaovuja

Hapa ndipo nguvu nyingi zilipojificha, na gharama yake ni muda tu.

Tengeneza kizibo cha kuingia kwenye mdomo wa turbo: kipande cha bomba la plastiki, kifuniko chake, na valvu ya tairi iliyotobolewa humo. Kwanza funga bomba la kupumulia la injini, la sivyo presha itaingia chini kwenye kreki (tumbo la injini) na kusukuma sili za oili. Kisha jaza upepo kidogo kidogo. Usivuke presha ambayo turbo yako hutoa kawaida, bar 0.5 inatosha kuonyesha sehemu kubwa. Hewa kidogo itapotea kupitia valvu za silinda zilizo wazi, hilo ni la kawaida. Chukua chupa ya maji ya sabuni na upulizie kila kiungo.

Angalia sehemu ya chini ya mipira, ile usiyoiona ukiwa umesimama, kwa sababu oili inatuama hapo na kuilainisha. Angalia pale plastiki ya intakula inapobanwa kwenye alumini. Angalia valvu inayorudisha upepo unapoachia pedali: nyingi zina kiwambo cha mpira kinachochanika kwa umri, na ukiivuta hewa kwa mdomo kwenye kijibomba chake kiwambo kizima kitashika. Povu likichemka mahali, umepata.

Ni vizuri kuelewa kwa nini tundu dogo linafanya kazi kubwa. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa, hewa ikishapimwa kompyuta inatoa mafuta kulingana nayo. Ikivuja baada ya hapo, mafuta yamekwishatoka: unapata moshi mweusi, plagi nyeusi na nguvu kidogo. Turbo nayo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia, inazidi joto, na inafupisha maisha yake. Lakini kijibomba kinachokwenda kwenye aktueta ya westigeti (kifaa kinachoifungua na kuifunga) kikipasuka, mambo yanageuka: kwenye mifumo mingi ya zamani westigeti haifunguki inavyotakiwa na presha inapitiliza. Ukisikia gari limepata nguvu za ghafla usizozilipia, usifurahi. Simama ukague kijibomba hicho.

Vijibomba vyote vya upepo vya kipenyo kidogo vibadilishe hata kama vinaonekana vizima. Toa kimoja, kata kipya kwa urefu uleule, kirudishe, ndipo uende cha pili. Ukivitoa vyote pamoja utajuta. Silikoni inafaa kwa upepo, lakini ya kawaida haifai kwa petroli wala kwa mivuke ya oili ya PCV, inapenyeza na kuoza. Kwa mipira mikubwa ya intakula, futa oili kwenye midomo ya mabomba kwa spiriti kabla ya kukaza, la sivyo klampu ikibana vipi mpira utateleza siku ya mlima.

Hatua ya 5: Joto

Fupi lakini usiiruke. Badilisha kulanti kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu, usichanganye rangi kwa kubahatisha, na usitumie maji matupu. Thamostati na kifuniko cha rejeta ni vya bei ndogo, hivyo viwe vipya. Kifuniko kikilegea, presha inashuka na maji yanachemka mapema. Hakikisha feni zinawaka. Osha mapezi ya intakula na rejeta kwa maji ya nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje, maana wadudu na matope ya miaka yote yako hapo.

Hatua ya 6: Moto na petroli

Hewa ikibanwa, cheche inapata shida kuruka. Ndiyo maana gari la turbo linaweza kunguruma vizuri, kisha likaanza kukatakata ukikanyaga. Kabla ya kumtafuta mchawi, toa plagi. Injini nyingi za turbo zinataka pengo la milimita 0.7 hadi 0.8, plagi zikilika pengo linapanuka na koili zinazotengeneza umeme wa cheche zinateseka. Nunua aina na kiwango cha joto kilichotajwa kwa gari lako, na chunga za bandia. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda uzisome: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi kavu ni mafuta mengi, nyeusi yenye oili ni silinda inayovuta oili, nyeupe yenye vidoa vidogo vinavyong'aa ni dalili ya kugonga. Hiyo ya mwisho ni ya hatari.

Kugonga ni petroli kuwaka yenyewe badala ya kungoja moto wa plagi. Kompyuta ikisikia, inarudisha nyuma muda wa cheche na unapoteza nguvu. Kama kifuniko cha tangi kinasema oktani (uwezo wa petroli kustahimili kugonga) 95 au 98, tia hiyo. Kuweka ya chini kwenye turbo yenye umri ni kujinyima nguvu kila siku.

Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kuigusa kwa kitambaa. Na kama petroli inapulizwa moja kwa moja kwenye silinda, fahamu kwamba valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli kamwe. Masizi yanajijenga juu yake, na baada ya kilomita 100,000 hivi njia inaweza kuwa nyembamba sana. Dawa za kutia kwenye tangi hazifiki hapo. Zinasafishwa kwa kufungua manifodi (mabomba ya kuingizia hewa) na kuzipuliza kwa unga wa maganda ya walnati, kazi ya fundi mwenye mashine.

Kama ni dizeli

Turbo nyingi za dizeli zina mapanga yanayojigeuza kulingana na mizunguko. Safari fupi fupi za mjini zinayajaza masizi na kuyagandisha, gari linaingia kwenye hali ya kujilinda na kukataa kupita mizunguko fulani. Ukilizima na kuliwasha nguvu zinarudi, kisha zinapotea tena: hiyo ni dalili ya mapanga yanayokwama au aktueta yake. Mara kwa mara lipeleke barabara ndefu yenye mlima, lifanye kazi likiwa la moto. Pima pia mafuta yanayorudi kwenye kila nozeli (kipulizia dizeli), kwani nozeli inayorudisha mengi kuliko wenzake imechoka. Uchovu huo unaweza kuonekana kama turbo dhaifu.

Hatua ya 7: Kabla ya kwenda kasi, jifunze kusimama

Pedi nzuri, diski zisizopinda, tairi zenye tarehe changa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: aina ya DOT 4 ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzijoto 230 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155. Badilisha kila miaka miwili. Boshi za suspensheni na maunti za injini mpya zitakufanya udhani gari limeongezewa nguvu, kwa sababu ulichokuwa ukikisukuma kinakwenda barabarani badala ya kutikisa bodi.

Hatua ya 8: Sasa ongeza

Cha kwanza kununua ni geji ya presha ya turbo, na ukiweza, geji ya uwiano wa hewa na mafuta. Bila hizo unaongeza kitu usichokiona.

Cha pili, intakula bora, kama ya kwako ni ndogo au imekaa mahali pasipo na upepo. Hesabu yake ni rahisi kushawishika nayo: hewa ya nyuzijoto 25 ikibanwa mpaka presha ya bar 1 juu ya ile ya kawaida inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya 100. Ukiishusha kutoka 60 hadi 40 kabla ya kuingia kwenye silinda, unapata hewa nzito kwa takriban asilimia 6, na hatari ya kugonga inapungua. Kubwa kupita kiasi nayo ina adhabu, turbo inachelewa kuijaza. Intakula iliyotumika ya toleo lenye nguvu zaidi la gari lako hilohilo kwa kawaida ndiyo ununuzi wa busara. Ipime kwa maji ya sabuni kabla ya kulipa.

Cha tatu, eksozi baada ya turbo. Turbo inapenda njia pana ya kutolea moshi. Ila katalisti (kisafisha moshi) iache: nchi nyingi zinakataza kuiondoa, na aina isiyobana sana ipo. Kichujio cha hewa cha wazi chenye umbo la pia kina sauti nzuri, lakini kikikaa nyuma ya rejeta bila kizuizi kinavuta hewa ya moto, kwa hiyo kile cha kiwandani kikiwa kisafi mara nyingi ni bora. Kuhusu valvu ya kutoa upepo nje kwa mlio, kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inamwaga hewa iliyokwishapimwa na injini inajaa mafuta kila unapobadili gia. Unanunua sauti, hununui nguvu.

Cha nne ndiyo programu ya kompyuta ya injini. Hii ndiyo inayoleta tofauti kubwa kwa hela unayotoa, na ndiyo inayoua injini kama hatua za juu zilirukwa. Muulize fundi atakayeifanya maswali haya: ataandika kumbukumbu za gari likiwa barabarani kabla na baada? Anapanga kwa oktani gani? Utarudishiwa programu ya awali? Anayekupakia faili moja aliyompakia kila mtu bila kuangalia gari lako, mkimbie. Mwambie ukweli kuhusu kilomita zako na uombe programu ya upole, hasa msukumo wa mizunguko ya chini upunguzwe, kwa kuwa hapo ndipo fimbo za pistoni na klachi zinapoumia. Klachi ikianza kuteleza kwenye gia ya nne mizunguko ikipanda bila kasi kuongezeka, umeshavuka uwezo wake.

Kikwepe kile kivalvu cha mkono cha kupandisha presha. Kinaidanganya westigeti, lakini mafuta na cheche havijui kilichotokea. Ukipandisha presha bila kupanga mafuta, silinda inapata hewa nyingi na petroli pungufu, joto linapanda, na pistoni inayeyuka ukingoni ukiwa unafurahia mwendo.

Ukimaliza, baada ya kilomita 300 hivi kaza upya klampu zote zilizoguswa, kwa kuwa mipira mipya hujikalia. Soma stiki ya oili kila ukijaza tangi katika mwezi wa kwanza. Baada ya kilomita 1,000 toa plagi uziangalie tena kwa kioo cha kukuzia, na ukiona vile vidoa vinavyong'aa, rudi kwa fundi wa programu ukiwa nazo mkononi kabla hujakanyaga tena.